Gari Iliyofundishwa Kuimba

Nyinyi mlio hapo mlangoni, ingieni ama mtoke, mnaziba upepo. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize. Na huyo mtoto anyonyeshwe kabisa, kwa sababu hii stori ikishaanza haina stegi ya kushukia.

Nataka kuwaambia juu ya Mwalimu wa Kwaya wa kanisa yetu, huku kwetu Ikonge, na ile gari yake. Jina lake siwaambii. Sisi wote tulimwita Mwalimu, mke wake alimwita Mwalimu, hata ng'ombe wake akisikia mtu anasema "Mwalimu" alikuwa anageuza shingo. Alizaliwa wapi, babu yake ni nani, hiyo muulize chifu. Mimi nilikuwa naimba besi kwa kwaya yake na nauza ndizi sokoni, na shule niliionea dirishani nikipita na mbuzi. Kwa hivyo nikisema kitu imezidi kidogo, punguzeni wenyewe.

Tuanze na masikio yake. Yale hayakuwa masikio ya mtu. Kwaya nzima ikiimba, Mwalimu alikuwa anaweza kusimamisha wimbo, anyooshe kidole kwa mama moja wa alto, amwambie, "Wewe umekula mahindi ya kuchoma. Iko punje moja kwa jino la nyuma, inanipigia filimbi." Mama anatoa punje. Mimi niliona na macho yangu. Mvua ilikuwa inanyesha upande wa Manga, yeye amekaa kwake anasema, "Hiyo imeanza na noti ya la, itaisha na do." Sisi tunaitikia, ndiyo Mwalimu, na hakuna mtu anaelewa.

Sasa ahadi. Hii mshike vizuri, kwa sababu ndiyo ilimkosesha raha miaka yote.

Mke wake alikuwa wa Tabaka, kule kwa watu wa kuchonga mawe. Siku ya kwenda kuzungumza mambo ya posa mimi nilikuwa kwa msafara, nimebeba ndizi. Baba ya msichana alikuwa mzee wa maneno machache, mikono yake nyeupe kwa vumbi ya mawe. Akauliza kitu moja tu: "Mnampeleka mbali, upande wa Nyamira. Akitaka kurudi kutuona, atarudi na nini?"

Mwalimu wakati ule hakuwa hata na baiskeli. Viatu vyenyewe alikuwa ameazima. Lakini akafungua mdomo, akasema, "Atarudi amekaa kwa gari yangu, mzee."

Watu wakacheka mpaka mtu moja akaanguka kutoka kwa benchi. Mzee hakucheka. Akasema, "Hiyo nitaiona."

Kwa hivyo ahadi ilikuwa ni hiyo: binti ateremke kutoka kwa gari ya bwana yake, ndani ya boma ya baba yake, na mzee aone.

Gari ikapatikana, hata mimi nilishangaa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, mzungu moja wa mambo ya chai anarudi kwao, anauza vitu. Akamwachia Mwalimu gari ndogo ya milango minne, rangi kama maziwa iliyoungua. Sasa wewe ungefanya nini? Ungemweka mama ndani uende Tabaka, ule kuku, urudi. Mimi pia. Mwalimu akaifungua yote.

Ni kwa sababu ya yale magari ya mashindano. Yalikuwa yamepita huku wakati wa Pasaka, na moja ikapita kwa dimbwi karibu na kwaya yetu, sote tumevaa nyeupe. Tulirudi nyumbani kama watu tumechimbwa kutoka kwa shamba. Wengine wakatukana mpaka mchungaji akaziba masikio ya watoto. Mwalimu alikuwa amesimama na matope kwa meno, anacheka peke yake. "Mmesikia ile injini?" akasema. "Ile inapanda kutoka fa mpaka so bila kuvuta pumzi." Tangu siku hiyo hakuwa mtu mzima tena.

Aliniambia, "Besi," maana mimi aliniita hivyo tu, "huwezi kupeleka binti ya watu kwao na gari inaimba vibaya."

Basi akachimba shimo karibu na jikoni, ya kuingia chini ya gari. Hiyo shimo ilikuwa refu mpaka ukiinama unasikia watu wa upande ule mwingine wa dunia wakikohoa. Akatoa bampa. Akatoa vifuniko vya magurudumu. Akatoa kiti ya nyuma, redio, mazulia, kila kitu mzungu aliweka kwa raha, akasema gari inataka kuwa nyepesi kama ya mashindano. Akakata springi ikalala chini mpaka bata wakawa wanairuka. Akafunga kabureta mbili mahali pa moja. Alizichemsha kwanza kwa sufuria ya ugali, na ugali ya hiyo wiki, mimi nilikula, ilikuwa inawaka ukikaribia moto.

Halafu akatoa kichwa ya injini. Ndani yake kuna njia za hewa, na chuma yake ni ya kukwaruza kama kisigino cha mkulima. Mwalimu akakumbuka wakwe zake. Kule Tabaka jiwe likishachongwa linasuguliwa na msasa kwa maji, msasa ya kukwaruza kwanza, halafu ya laini, halafu ya laini zaidi, mpaka kiboko ya jiwe inang'aa kama imetoka mtoni. Yeye akafanya hivyo hivyo kwa zile njia za hewa. Akakaa kwa beseni na hiyo chuma mapajani kama mama anaosha mtoto. Anasugua, anaweka kidole, anafunga macho, anasugua. Nikamwuliza, "Mwalimu, nani ataona huko ndani?" Akasema, "Hewa itaona."

Mimi nikaenda nyumbani na hilo neno, nikalala nalo, nikaamka nalo. Mpaka leo sijajua kama ni akili ama ni ugonjwa.

Gari ikafungwa tena, ikawashwa. Sauti yake, nawaambia, majani ya chai yalijichuma. Kuku wa jirani wakataga hapo hapo, hata jogoo alijaribu. Mwalimu akaoga, akavaa suti, akamwita mama, mke wake. Mama akatoka amejipamba, kikapu ya zawadi mkononi, leso mpya. Akaangalia gari mbele. Akaangalia gari nyuma. Akainua mikono yote miwili akashika kichwa pande za masikio. Mimi nilikuwa mbali kidogo, niliona ameziba masikio, ama pengine alikuwa anafunga kitambaa, sijui. Halafu akaweka kikapu kichwani, akaenda stegi ya basi.

Mwalimu akabaki ameshika mlango wazi kama mtu wa hoteli.

Tukakaa kikao, sisi wanaume wa kwaya. Mzee moja wa kanisa akasema ni harufu ya petroli. Mwingine akasema anaogopa zile kona za kuteremka kwenda Kisii. Mwalimu akasema, "Ni kelele. Nyinyi hamkuona ameziba masikio? Mke wangu ana masikio laini." Mtu akauliza, "Si umwulize mwenyewe?" Mwalimu akamwangalia kama amemwambia aimbe soprano. Wakati ule mwanamume hakuwa anauliza mke wake kwa nini. Alikuwa anajua. Na akijua vibaya, anajua hivyo hivyo.

Basi akaenda Tabaka na gari, peke yake, polepole nyuma ya basi. Mama akafika na miguu kutoka stegi. Yeye akafika na gari tupu. Mashemeji wake wakatoka na patasi mikononi, wakazunguka gari.

"Shemeji, hii ni gari?"

"Ni gari."

"Na dada yetu amekuja na nini?"

"Na basi."

"Sasa hii ulileta ya nini? Ya kutuonyesha moshi?"

Mzee baba mkwe alikuwa amekaa hapo anachonga. Mwalimu hakuweza kumwangalia usoni, maana mkwe kwetu ni mtu wa heshima nzito. Mzee akapuliza vumbi kwa jiwe akasema, "Bado sijaiona." Hiyo tu.

Kutoka hapo, ndugu zangu, Mwalimu akaanza kazi ya pili, ya kuinyamazisha ile gari aliyokuwa ameifundisha kupiga kelele. Na hapa ndipo mimi nilichanganyikiwa kabisa.

Kwanza alisema haiwezi kunyamaza kabla haijaimba sawa. Injini ilikuwa na silinda nne, na yeye akasema ni sauti nne: soprano, alto, tena, besi. Silinda ya tatu, ndiyo tena, ilikuwa chini. Akaleta kwaya nzima nyumbani kwake siku ya Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na hata gari alikuwa anaifunika shuka ikapumzika. Akatupanga tumezunguka boneti. Mzee wa kanisa akawekwa kwa usukani, kazi yake ni kukanyaga mafuta kidogo, aache. Mwalimu akainamisha sikio kwa injini, mkono juu.

"Tena," akasema, anataka watu wa tena watoe sauti yao.

Mzee akasikia tena, akakanyaga tena.

Mwalimu akakunja uso. "Hapana. Tena."

Mzee akakanyaga zaidi. Gari ikaanza kutetemeka kama imeona chui.

"Nimesema tena peke yake!"

"Tena peke yake namna gani?" mzee akalia kutoka ndani. "Mguu wangu wa kulia ni mmoja!"

Kwa hofu akashika chuma ya gia akaivuta, gari ikaondoka. Ikapita kwa maharagwe, ikapita kwa kamba ya nguo ikavaa shuka na petikoti, ikaingia kwa migomba yangu, ikasimama imekumbatia mgomba. Na kwaya ilikuwa inaifuata nyuma ikiimba, kwa sababu Mwalimu alikuwa bado hajashusha mkono, na kwaya yetu ilikuwa na nidhamu. Tuliimba tukiwa tunatoa mzee dirishani. Mke wa Mwalimu alikuwa jikoni mlangoni, anatuangalia, anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

Halafu ikaja mambo ya sailensa, ile kopo ya bomba ya moshi ya kumeza kelele. Akafunga ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Akafunga ya tatu. Akazungushia bomba maganda ya mgomba yaliyokauka, tukafika kanisani tumefuatwa na moshi, na watu wa nyuma wakasimama wakidhani ni mwisho wa dunia. Injini bado ilikuwa inatetemeka, basi akaenda kwa mashemeji zake wakamchongea mawe manne ya Tabaka, laini kama sabuni, akayafunga mbele chini. Mtetemo ukaisha. Lakini gari sasa ilikuwa nzito kama jamaa amelala.

Nikamwambia, "Mwalimu, si ulitoa kiti na bampa ndiyo iwe nyepesi?"

Akanijibu, "Besi, ile ilikuwa uzito wa bure. Hii ni uzito wa kazi."

Mnaona? Mtu kama huyo utamwambia nini?

Alikuwa hivyo kwa kila kitu. Gari yake ilikuwa na mbio, watu wa Nyamira mpaka Keroka walijua hiyo ni gari ya mbio, na hakuna mtu hata moja aliwahi kuiona ikikimbia. Aliendesha kama anapeleka mayai. Baiskeli zilimpita, mama mjamzito alimpita, siku moja alipitwa na jeneza. Ukimwuliza, anasema, "Inaweza. Hiyo inatosha." Alikuwa mpole sana kwa watu, lakini ukifunga boneti kwa nguvu, hakusalimii mwezi mzima. Alikataa soda kwa sababu inapiga kelele ikifunguliwa, na yeye mwenyewe alikohoa kama trekta.

Kisii mjini kulikuwa na duka ya spea, mwenyewe ni mtu wa Mombasa, mtu wa adabu. Kila Mwalimu akiingia anamwambia, "Karibu, baba." Sasa nyinyi wa kwetu mnajua, kwa Kigusii baba ni mama. Baba yako wewe unamwita tata. Mwalimu Kiswahili alikuwa nacho, lakini hiyo neno ilikuwa inamchoma. Akatoka nje akaniambia, "Huyu mtu ananiona namna gani?" Akaenda akafuga ndevu. Akarudi na ndevu mpaka hapa kifuani. Yule akamwambia, "Karibu sana, baba." Mwalimu akatoa plagi mfukoni akaiweka kwa kaunta pole pole, akasema, "Nipe kama hii, na niite shangazi tumalize."

Na miaka ikaenda. Kila mwaka, msimu wa kwenda kuona wazazi, Mwalimu anawasha gari, anaita mama. Kila mwaka sauti iko chini kidogo. Mama anatoka, anaangalia mbele, anaangalia nyuma, anashika kichwa, anaenda stegi. Mwalimu anarudi kwa shimo. Watoto wao walizaliwa wakakua, walikuwa wanapanda gari wamekaa kwa ngozi ya mbuzi huko nyuma, wanacheka. Mama yao anatembea kando ya barabara kwenda kanisani, na mara nyingi ndiye anafika kwanza.

Mpaka gari ikanyamaza kabisa. Sijui mnaelewa kunyamaza. Ilikuwa inawashwa na mtu anauliza, umewasha? Panya walikuwa wanapita chini yake bila kugeuka. Ilikuwa imepoteza nguvu yote, kupanda mlima ilikuwa ni maombi, lakini sauti, hakuna. Mwalimu ndevu sasa nyeupe. Akaniita, akaniambia, "Besi, hii ndiyo. Mzee wa Tabaka macho inaisha. Nimesikia sasa anaona mtu kama kivuli. Akimaliza kuona kabla binti yake hajateremka hapo kwake, mimi nilikuwa mwongo maisha yangu yote." Na sauti yake ilikuwa imeshuka chini ya besi, mahali mimi siwezi kufika.

Hiyo ilikuwa karibu na mwisho wa ile miaka ya sabini, na ndiyo mara ya mwisho mimi kusafiri na yeye. Asubuhi akawasha, kimya. Akafungua mlango wa mbele. Mama akatoka, nywele pia zimeanza kuwa nyeupe, kikapu mkononi. Akaangalia mbele. Akaangalia nyuma. Akafunga kitambaa, akaweka kikapu kichwani, akaenda stegi.

Mwalimu alikaa kwa usukani akaweka paji la uso hapo. Nikafikiri amelia. Nikaingia nikakaa kando yake, na ndizi zangu mapajani, maana mtu hawezi kuacha rafiki aende kuaibika peke yake. Tukaenda Tabaka. Mahali pa mlima nilishuka nikasukuma.

Tulikuta basi imetupita zamani. Mama alikuwa ameshafika, amekaa na baba yake nje, hapo kwa vipande vya mawe. Mzee alikuwa bado anachonga, kwa kupapasa tu. Tukaingia na gari mpaka miguuni pake na hakusikia. Ni mpaka Mwalimu aliposhuka akasalimia na kichwa chini.

Mzee akanyoosha mkono akagusa mlango wa gari. Akaupapasa kama anaangalia jiwe kama lina ufa. "Hii imekuja saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi, mzee," Mwalimu akasema. "Nimeitoa kelele yote. Haina kelele hata kidogo. Na bado amekataa."

Mashemeji walikuwa wamesimama, hakuna mtu anacheka siku hiyo. Halafu mzee akafanya kitu hakuna mtu wa kwaya, wala wa kanisa, wala wa Nyamira yote alikuwa amefanya. Akamgeukia binti yake, akamwuliza.

"Mama," akamwambia, maana binti alikuwa amepewa jina la mama ya huyo mzee, "ni kweli umekataa kuingia kwa hii gari kwa sababu ya kelele?"

Mama akashangaa. Alishangaa kabisa, niliona. "Kelele gani, tata? Mimi naishi na mwalimu wa kwaya. Ningekuwa naogopa kelele ningerudi hapa wiki ile ya harusi."

"Sasa ni nini?"

"Kiti ya nyuma iko wapi?"

Mwalimu akageuka akaangalia ndani ya gari, kule nyuma kwa ngozi ya mbuzi.

"Mke wa mtu anakaa nyuma, watu wamwone amebebwa," mama akasema. "Mwaka wa kwanza naangalia, hakuna kiti. Nikasema ni sawa, anatengeneza, ataweka. Nangoja. Kila mwaka naangalia, hakuna. Imebaki hiyo moja ya mbele, kando ya dereva, na nyinyi wote mnajua kwa lori hapo anakaa nani, yule wa kubeba mizigo na kusukuma." Akaninyooshea kidole mimi, na ndizi zangu mapajani, nimekaa bado ndani ya gari. "Tata, mimi niliolewa. Sikuandikwa tanboi."